Huku Giza, Dada

Wifi yangu alikuwa fundi wa nyuzi, na mtaa mzima haukumwelewa. Nyuzi zenyewe ni za kioo, nyembamba kama unywele. Zimepitishwa chini ya ardhi ndani ya mabomba, na ndani yake unapita mwanga uliobeba simu za watu, picha zao, na uongo wao wote wanaoandikiana. Kazi yake ilikuwa kuziunga zikikatika na kuzichomeka kwenye mitambo. Lakini watu wakisikia "Fundi Uzi" wanajua cherehani. Jirani mmoja alimletea suruali iliyopasuka makalio, akaikunjua pale mlangoni bila haya.

"Nitilie kiraka kwa ndani, kisionekane."

Wifi aliitazama ile suruali, akamtazama na mwenyewe. "Kaka, uzi wangu ni kioo. Nikikushonea nao, ukikaa utainuka bila kuambiwa."

Ni dada wa mume wangu, alimtangulia kuzaliwa. Ndoa yake ilipokwisha, na ilikwisha mapema, alikuja kwetu na begi la nguo na begi la vifaa, na la vifaa ndilo lililokuwa zito. Tukaishi ukuta kwa ukuta. Tuligombania maji, kamba ya kuanikia, na mume wangu, ambaye kila mmoja alidhani ni wake zaidi. Akirudi kazini hakai kitako mpaka ameosha mikono, tena si kuosha kwa mtu wa kawaida. Anasugua mpaka chini ya kucha, kwa sababu kipande cha uzi kikikuingia kwenye ngozi hukioni na hakitoki. Kula alikula polepole, akikagua kila tonge. Nilimwambia siku moja, "Wifi, mimi sijakutilia sumu." Akasema, "Sumu ningeiona. Kioo ndicho nisichokiona."

Alianza na sururu. Kampuni ilikuwa inachimba mtaro wa kulaza nyaya, ikachukua vibarua, na wanawake wakaruhusiwa kwa kuwa hawaibi sana. Pembeni ya mtaro kulikuwa na hema, na ndani ya hema fundi mmoja mkali, mlevi wa chai, akiunga nyuzi. Msaidizi wake alikuwa anatetemeka mikono. Fundi akatoka nje, akawapanga vibarua mstari, akamwambia kila mmoja anyooshe mkono na kuweka kijiti juu ya ukucha. Cha wifi hakikuanguka. Ndivyo alivyoacha sururu.

Yule fundi hakumfundisha kwa upole, ila alimfundisha. Na neno la kwanza alilomfundisha lilikuwa giza.

Niwaeleze, maana bila neno hili hakuna mnachoweza kuelewa. Mwanga unaopita kwenye nyuzi hizi hauonekani kwa macho. Ukishika uzi wenye mwanga na uzi mtupu, zote mbili ni sawasawa, hazina tofauti. Lakini ule wenye mwanga ukiuelekeza kwenye jicho unaunguza, hasa karibu na kikuza mwanga, ule mtambo unaousukuma ufike mbali. Kwa hiyo kabla hujafungua kiungio chochote, unampigia simu mwenzako wa kituo cha upande wa pili azime kwake. Na hapo hamzungumzi mnavyotaka. Wewe unauliza, "Giza?" Yeye akishazima anajibu, "Giza." Wewe unarudia, "Giza." Basi, ndipo unafungua. Hakuna ndiyo, hakuna tayari. Hata "imezima" ni marufuku, maana simu ikikwaruza, "haijazima" inakufikia mkia tu, na mkia wake ni ule ule. Giza halifanani na neno lingine. Yule fundi alikuwa akisema neno hili halivai nguo. Likija limevaa, lirudishe lilikotoka.

Mtu wa upande wa pili wa wifi, kwa miaka yote niliyomjua, alikuwa mmoja. Alikaa kwenye kituo cha mwisho wa njia ile ya nyuzi, safari ya kutwa nzima, na wifi alimwita Bwana Mbali. Hawakuwahi kuonana. Walijuana kwa sauti tu, lakini jinsi walivyojuana, mimi na mume wangu tunaolala kitanda kimoja hatujafika hapo. Bwana Mbali akikohoa, wifi anajua leo hajala. Wifi akivuta pumzi, Bwana Mbali anauliza, "Dada, umegombana tena na wifi yako?" Mtambo ukichelewa kuwaka wanasubiri pamoja kwenye simu, wanaongea harusi za watoto wa yule bwana, magoti yake, paa la nyumba ya kampuni anayokaa. Mume wangu alimwuliza dada yake kama huyo bwana ana mke.

"Anaye. Ananisalimia kila mara."

"Na haoni wivu?"

"Wivu wa nini? Mimi ni waya."

Ikaja habari ya mitambo mipya. Watu wametumia ile njia mpaka imejaa, na kuchimba mtaro mwingine ni kazi ya kizazi. Kampuni ikaamua nyuzi zibaki zile zile, zibadilishwe kadi za kwenye makabati, zile zinazotuma mwanga huku na kuusoma kule. Wifi alirudi siku ile anatembea kama bibi harusi. Kadi mpya ilikuwa inaenea kiganjani, na peke yake inabeba mzigo wa kabati zima la zamani.

"Inawezaje?" nilimwuliza. Nilikuwa namenya viazi, sikuwa na haraka ya jibu.

"Zamani mwanga ulikuwa unakonyeza tu. Wazi, fumba, wazi, fumba. Huyu mpya anakonyeza kwa nguvu mbalimbali, anainamisha shingo, anatikisa bega, vyote kwa mpigo mmoja. Na aliyeko kule anao mwanga wake mwenyewe wa kulinganishia, kwa hiyo kila kibega anakielewa."

"Kama mdogo wako akiwa na shida."

"Mdogo wangu anaelewekaje? Huyo bado ni wa kukonyeza."

Akanieleza mengine pia. Kwenye njia ya zamani waliweka misokoto ya uzi wa kunyoosha mwanga uliotawanyika safarini. Kadi mpya zinapiga hesabu zenyewe na kuunyoosha, kwa hiyo misokoto yote inatolewa, na kila inapotolewa, kiungio kinafunguliwa, kinafutwa, kinakaguliwa kwa hadubini ya mkono, ndipo kinafungwa. Mwanga wa zamani ulivumilia vumbi. Huu wa kutikisa bega hauvumilii. Kituo baada ya kituo, yeye huku na Bwana Mbali kule, wakaanza kuibadilisha njia nzima. Neno giza nadhani lilisemwa zaidi mwaka ule kuliko miaka yote iliyotangulia.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, simu za ofisini zimelala. Wifi alikuwa ndani ya chumba cha mitambo na mwenzake wa zamu, mwanamume mpole wanayemwita Kobe kwa mwendo wake. Kobe alishika tochi. Wifi akampigia Bwana Mbali, akauliza, "Giza?"

Dakika ile ile, kule kwa Bwana Mbali, umeme ukakatika. Taa za chumbani kwake zikazimika. Mitambo haikuzimika, maana ina betri za akiba, na ndiyo kazi ya betri, umeme ukatike mwanga uendelee kwenda. Yule bwana akabaki amesimama gizani, hata kabati la kuzima halioni. Akafanya kosa moja, akasema kama mtu anayezungumza na ndugu yake.

"Huku giza, dada."

Kisha akaiweka simu chini, akaenda kupapasa tochi.

Wifi alisikia giza. Kipima mwanga kilikuwa mkobani, hakukitoa. Miaka yote sauti ya yule mtu ndiyo iliyokuwa kipimo chake, na haikuwahi kumdanganya. Kobe anasema aliirudisha simu kwenye mkanda, akafungua kiungio, akakifuta vizuri kama afanyavyo, akaweka hadubini, akainama. Alitazama kwa jicho la kulia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kobe, shika hii," akampa hadubini, akakaa sakafuni.

Kobe siku hiyo hakuwa kobe. Alimfikisha hospitali kabla sisi hatujajua. Nilipofika nilimkuta amefungwa bandeji, amekaa wima kitandani kama anasubiri kuitwa ndani.

"Wifi," nikamwambia.

"Usilie. Ukilia mimi ndiye nitakayekubembeleza, na nimechoka."

Sikulia. Nilimvua viatu. Daktari alisema kioo cha mbele cha jicho kimeungua na kitabaki na kovu, na nyuma yake napo hapakupona. Jicho la kushoto ni zima. Kuunga nyuzi ataweza, kwa sababu mashine za siku hizi zinaonyesha kila kitu kwenye skrini. Tulishika neno hilo, ataweza. Mume wangu alilirudia njia nzima ya kurudi nyumbani kama mtu anayehofia kulisahau.

Halafu likaja la pili. Kampuni ina kanuni: jicho likiungua, mtu mmoja anapoteza kibali cha kugusa njia. Ama aliyesema neno vibaya, ama aliyelisikia vibaya. Lazima ajulikane. Wakamwuliza Bwana Mbali kwanza, kwa simu, na yule bwana hakujitetea hata kidogo. Alisema, "Nilisema giza, na mwanga ulikuwapo. Basi ni mimi." Mtu huyo alikuwa amebakiza kidogo kustaafu. Kule kwao hakuna ofisi nyingine wala ghala la kumhamishia. Bila kibali anatoka kazini, na akitoka kazini anatoka kwenye nyumba. Lakini amekwisha kubali mwenyewe. Kilichobaki ni wifi naye aseme hivyo hivyo, avalishwe tena kitambulisho cha kibali na mkanda wake shingoni, arudi kazini na jicho lake moja.

Asubuhi ya kikao cha kumhoji, wakati nafunga kilemba, mume wangu alishindwa kujizuia.

"Dada, swali ni moja. Alisema giza au hakusema?"

"Alisema huku giza, dada."

"Ndani yake mna giza?"

"Limo."

"Basi sema alisema giza. Si uongo. Neno lilitoka."

"Lilitoka limevaa," wifi akasema. "Mbele lina huku, nyuma lina dada. Giza letu halina dada."

Nikaingilia, maana naona hawa wawili watachelewa. "Wifi, yule mtu amejitwika mwenyewe. Umemwomba? Hukumwomba. Wewe umepoteza jicho. Sasa unataka kumpa na mkono?"

Alinigeukia mwili mzima, maana upande ule hakuwa akiniona tena. "Wewe ukimtuma mtoto chumvi akakuletea sukari, ukaitia mchuzini bila kuonja, mchuzi ameuharibu nani?"

"Mtoto."

"Ndiyo maana mchuzi wako uko vile."

Mume wangu alicheka, kisha akaona aibu ya kucheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mpaka leo nasema mtoto.

Nilimsindikiza nimemshika mkono, kwa sababu ngazi zilikuwa zinamdanganya. Anakanyaga mahali ambapo ngazi haijafika. Kikao kilikuwa kwenye chumba kidogo chenye meza ndefu na feni inayolalamika. Walikuwapo mkuu wa mitambo na wenzake wawili, na Kobe amekaa pembeni na kofia mapajani. Wakaniruhusu kukaa karibu na mlango. Mkuu mwenyewe aliwahi kuwa fundi, na alama za kazi bado anazo vidoleni. Alimwuliza wifi habari za jicho kwanza, taratibu, kama mtu anayeogopa kuligusa. Kisha akauliza.

"Dada, mwenzako alikujibu giza?"

"Alinijibu huku giza, dada."

Wale wawili walikuwa wanangoja aendelee. Mkuu hakungoja. Nilimwona ameelewa hapo hapo, na nilimwona anatamani asingeelewa.

"Huenda hukusikia vizuri," akasema. "Simu ilikwaruza."

"Haikukwaruza. Nilisikia maneno yote matatu, na mimi nikachukua moja."

"Ulilirudia?"

"Sikulirudia."

"Kwa nini?"

Feni ikalalamika weee. "Kwa sababu ni yeye," wifi akasema. "Angekuwa mtu mwingine yeyote ningemwambia rudia. Ningempimia."

Mkuu alijikuna paji la uso. "Nikiandika ulivyosema, unajua naandika nini?"

"Najua. Wewe ulifundishwa neno hilo kama mimi. Andika."

Waliandika. Hawakuwa watu wabaya, sina la kuwasema hapo, ingawa ningependa kuwa nalo. Bwana Mbali akabaki na kibali chake, akakemewa kwa kuongea ovyo kwenye njia. Wifi akavuliwa cha kwake. Alikifungua mwenyewe shingoni, ule mkanda ukanasa kwenye hereni, na ikabidi mimi niinuke kule mlangoni nikamnasue. Wakampeleka ghalani, kupokea maboksi ya kadi mpya na kuyapanga. Zile kadi alizozisubiri kama mahari sasa anazihesabu zikiwa zimefungwa, zinatoka zinaenda kuchomekwa na wengine.

Nyumbani alikuwa mkimya. Mimi ukimya wa wifi nilikuwa siujui, nikahangaika nao. Nilimchokoza kuhusu maji, hakujibu. Nikaanika nguo zangu kwenye upande wake wa kamba, akazipita. Jioni simu yake ilikuwa inaita, anaitazama jina, anaiacha iite mpaka ichoke.

"Si umpokee," nikasema.

"Nikimpokea ataniomba msamaha. Nitafanya nao nini?"

Basi mtu akaja mwenyewe. Nilisikia hodi, nikamkuta mzee mfupi mlangoni, shati limenyooshwa likakunjwa tena na safari, amebeba mfuko wa machungwa. Nilimjua kabla hajajitaja, kwa sababu hakutazama nyumba wala mimi. Alikuwa anasikiliza ndani.

"Wewe ndiye Huku Giza?" nikamwambia.

"Ndiye mimi, mama."

"Karibu. Machungwa hayana macho, lakini karibu."

Kutoka ndani wifi akaniita jina la marehemu mama yangu, jambo analofanya nikizidi. Nikamkalisha.

Wakatazamana, na ikawa balaa nyingine. Watu walioongea miaka yote wakawa wageni. Bwana Mbali alidhani wifi ni mrefu; wifi alidhani yeye ni mnene. Yule bwana alipigapiga magoti yake kwa vidole, wifi akaangalia meza. Nilipoleta chai walishukuru wote wawili kwa pupa, kama niliyewaokoa.

Mwisho yule bwana akasema, akiongea na kikombe, "Nimekuja kukuambia nimeacha. Nimewaambia sirudi kwenye njia. Nikishika simu sauti inakwama. Mtu wa upande wako anauliza giza, mimi najua neno, haliji."

Wifi aliweka kikombe chini. "Umewaambia lini?"

"Juzi."

"Wamekukubalia?"

"Wamesema nifikiri mpaka Jumatatu."

"Upande wangu ni nani sasa?"

"Kobe."

"Na vituo vimebaki vingapi vya kubadilisha?"

"Vitatu."

Nilifikiri atamfariji. Nilikwishaanza hata kuondoka nisione. Lakini sauti iliyotoka niliijua, ni ile ya kugombania kamba.

"Kaka, mimi kibali changu nimekitoa ili chako kibaki. Hukunituma, sikudai. Lakini sasa unataka kukitupa, halafu vyote viwili vimekwenda, na kule mwisho wa njia anakaa mgeni asiyejua Kobe akiwa na mafua anasikika vipi. Unataka Kobe naye aje kukaa hapa na bandeji? Wifi yangu hana viazi vya kutosha."

"Dada, nitakosea tena."

"Utakosea ukiwa na mapenzi. Usimpende Kobe. Usimwite kaka. Usimwulize habari za mkewe mpaka kiungio kimefungwa. Mwambie asiwe na haraka, mwambie akupimie kila mara, asikuamini hata kidogo. Na wewe usimwamini."

Yule mzee alifuta uso kwa kiganja. "Tulikuwa tunaongea vizuri."

"Tuliongea vizuri mno," wifi akasema.

Alikaa kidogo tena. Hakuomba msamaha, nadhani alielewa hauna pa kuwekwa. Alipoinuka alisimama mlangoni akasema Jumatatu atakuwa kituoni, akalisema kwa sauti ya kazi, kavu, na wifi akaitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba sasa anaonekana, akatabasamu kwa upande mmoja. Mzee akaondoka na njia ya mkono wa kushoto, sivyo, nikamwita nikamwonyesha ya kulia.

Niliporudi ndani wifi alikuwa bado amekaa pale pale.

"Ni mfupi," nikasema.

"Mfupi kabisa."

"Na hereni zako hakuziona."

"Hebu nitilie dawa, saa yake imepita."

Nikaleta kile kichupa. Nikamwinua kidevu kuelekea dirishani. Mimi mwenyewe, na watu wote ninaowajua, ukituletea tone juu ya jicho tunapepesa kabla halijafika, tunakunja uso, tunageuka. Jicho lake la kulia lilibaki wazi, limetulia, likitazama juu. Tone likaning'inia, likaanguka, na jicho halikujua kama linakuja.